Chumvi ya Damu Kabla ya Kisu

Chumvi ya Uvinza, iliyopatikana kwa kuchemsha maji ya chemchemi zilizo karibu na mto Malagarasi tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, iliuzwa hadi Unyanyembe, nchi iliyojumuisha Itetemia na Tabora, ambako misafara ya biashara ilikutana. Thamani yake kwa mwili inatokana na sodiamu, ambayo pamoja na potasiamu, kloridi na kalsiamu huitwa elektrolaiti, yaani madini yaliyoyeyuka katika damu yakiwa na chaji za umeme, ambazo kwazo neva hupeleka taarifa na moyo hudunda kwa mpangilio.

Kwa mtu mzima mwenye afya, sodiamu huwa kati ya milimoli 135 na 145 katika kila lita. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, uliohusu watu wazima 964,263 waliofanyiwa upasuaji mkubwa, ulionyesha kwamba asilimia 5.2 ya waliokuwa na kiwango cha chini ya 135 kabla ya upasuaji walifariki ndani ya siku 30, ilhali kwa wenye kiwango cha kawaida walifariki asilimia 1.3, na hata umri na maradhi mengine yalipozingatiwa, tofauti ilipungua bila kutoweka.

Hata hivyo, upungufu huo wa sodiamu haumaanishi kwamba mgonjwa amekosa chumvi katika chakula. Mara nyingi ni maji yaliyozidi, kwa kuwa moyo, ini au figo zimedhoofika, au kwa kuwa ugonjwa mkali umeuchochea mwili kutoa homoni inayopunguza mkojo. Kwa hiyo kiwango hicho hufichua ugonjwa zaidi ya kuusababisha, na kukipandisha kwa pupa kwaweza kujeruhi ubongo. Potasiamu nayo hupotea kwa aliyetapika siku kadhaa kutokana na utumbo ulioziba, na hurundikana kwa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi. Hali zote mbili zaweza kuvuruga mapigo ya moyo wakati wa nusu kaputi.

Pamoja na hayo, utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo haungoji majibu yote ya maabara. Katika hospitali ya rufaa ya mkoa kama Kitete, mjini Tabora, faida ya kipimo cha elektrolaiti si kuahirisha upasuaji wa dharura, bali kumwelekeza mtoa usingizi achague maji yapi ya kumtundikia mgonjwa, na kumwonyesha muuguzi ni kitanda kipi cha kukagua mara kwa mara usiku, kwa sababu utafiti wa nchi 25 za Afrika uliotolewa mwaka 2018 ulibaini kwamba vifo vingi vya wagonjwa wa upasuaji hutokea baada ya kutoka chumba cha upasuaji.