Prodyuza Aliyewanyima Kelele

Haipiti wiki bila kijana kuja studio, akakaa nyuma yangu, akasikiliza wimbo wake hadi mwisho, kisha akaniambia, "Kaka, jaza hapo." Ananionyesha kwa kidole sehemu ya skrini ambapo wimbi la sauti limelala chini. Anataka kinanda, makofi, sauti ya pili, chochote, ilimradi pasibaki wazi. Simlaumu. Ukimya unatisha, na msanii mchanga hudhani mahali palipo kimya ndipo watu watakapogundua kwamba hana la kusema. Kwa ajili yake na wenzake nina albamu moja ambayo huwapa wote waisikilize, ingawa haifanani kabisa na muziki wanaoufanya. Inaitwa Unknown Pleasures, kazi ya bendi ya Joy Division kutoka Manchester na miji ya jirani, Uingereza. Ilitoka Juni 1979, ina nyimbo kumi, na haifiki hata dakika 40.

Bendi yenyewe ilizaliwa na kelele. Tarehe 4 Juni 1976 bendi ya panki ya Sex Pistols ilipiga kwenye ukumbi mdogo wa Lesser Free Trade Hall, Manchester, mbele ya watu wa kuhesabika. Miongoni mwao walikuwa Bernard Sumner na Peter Hook, vijana wa Salford waliosoma shule moja. Kilichowapata usiku ule kimewapata vijana wengi mbele ya jukwaa: waliona watu wasio mafundi wakithubutu, wakasema, na sisi tunaweza. Hook akamkopa mama yake pauni 35, akanunua gitaa la besi, chombo ambacho hakujua hata kukishika. Roki ya wakati ule ilikuwa imejifungia ndani ya ufundi, na solo zake ndefu na studio zake za gharama. Panki ilikuja kuuvunja mlango huo kwa kodi tatu za gitaa, mwendo wa mbio na sauti ya kupayuka, wimbo ukaisha kabla hujakaa sawa kitini.

Ian Curtis alijiunga kama mwimbaji baada ya kuona tangazo kwenye duka la muziki. Mpiga dramu Stephen Morris akaja mwaka 1977. Wawili hawa walitoka Macclesfield. Kwanza bendi iliitwa Warsaw, na mwanzoni mwa 1978 ikawa Joy Division, jina lililotoka kwenye riwaya inayosimulia kambi za mateso za Wanazi, ambamo ndivyo lilivyoitwa kundi la wanawake waliolazimishwa ukahaba. Jina hilo liliwaletea lawama nyingi, na kwa maoni yangu lawama hizo zilikuwa za haki.

Sikiliza santuri yao ndogo ya kwanza, An Ideal for Living, waliyoirekodi Desemba 1977. Gitaa, besi, dramu na mwimbaji wanakwenda kama abiria wanaogombea mlango wa daladala saa kumi na moja jioni. Kila mmoja anataka kuingia wa kwanza, hakuna anayempisha mwenzake. Nguvu ipo, tena nyingi, lakini ni ya wote kusukumana mahali pamoja.

Njia nzuri ya kuona walivyokua ni kuufuata wimbo mmoja. Mei 1978 walirekodi Manchester nyimbo kumi na moja kwa ajili ya albamu ambayo haikutolewa wakati ule. Mmojawapo ni Shadowplay, ambao umo pia katika Unknown Pleasures. Ukiisikiliza rekodi ya mwaka 1978, vyombo vyote vimesimama mstari mmoja mbele yako, kama watu kwenye picha ya harusi. Hamia sasa ile ya 1979. Besi inaanza peke yake, taratibu, na matoazi yanagusa kwa mbali. Unasubiri. Gitaa linapoingia unaruka, kwa sababu ulikuwa umeachwa gizani kwa muda wa kutosha kuliogopa. Wanaopiga ni wale wale, na wimbo ni ule ule. Kilichobadilika ni umbali kati ya chombo na chombo.

Aliyeuleta umbali huo ni prodyuza wao, Martin Hannett, mzaliwa wa Manchester aliyesomea kemia. Panki aliijua vizuri, maana ndiye aliyetengeneza Spiral Scratch ya bendi ya Buzzcocks, iliyotoka Januari 1977. Aprili 1979 aliwaingiza Joy Division katika studio za Strawberry, mjini Stockport, wakarekodi albamu nzima kwa wikiendi tatu.

Nieleze kidogo alichokifanya, kwa kuwa hapa ndipo penye utamu wote kwa mtu wa kazi yangu. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Piga kofi mbele ya ukuta ulio mita 17 kutoka ulipo. Sauti itakwenda mita 17, itarudi mita 17, na itakufikia baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hesabu hiyo hujaifanya, lakini sikio lako linaifanya tangu utotoni. Ukiingizwa msikitini au kanisani ukiwa umefumbwa macho, ukikohoa tu unajua umeingia mahali pakubwa. Studio zetu nyingi za mtaani zina trei za mayai na magodoro ukutani (magodoro hufanya kazi vizuri kuliko trei) ili kuua mrejeo huo, sauti iingie kwenye maiki ikiwa kavu.

Hannett alianza na ukavu huo na kuufikisha mwisho wake. Alitaka kila dramu isikike safi, isichafuliwe na jirani yake, hivyo Morris akalazimika kuzipiga zikiwa zimetenganishwa: snea peke yake, kiki peke yake. Mpiga dramu yeyote atakwambia hiyo ni adhabu, kwa sababu mwili umezoea kuvipiga vyote kama kitu kimoja. Kisha, baada ya kuua chumba halisi, Hannett akajenga vyumba vyake mwenyewe. Alikuwa na mashine mpya ya dilei ya dijitali iliyotengenezwa na kampuni ya AMS ya Burnley, mji usio mbali na Manchester. Mashine hiyo hudaka sauti na kuirudisha baada ya muda unaoutaka wewe, hata kama ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Snea akaiweka kwenye chumba kimoja, gitaa kwenye kingine, mwimbaji akamsimamisha mwisho wa korido isiyokuwepo. Sikio la msikilizaji linapewa kuta ambazo haziwezi kuwa za jengo moja. Linajaribu kuuchora ukumbi, linashindwa, na kutoka hapo inakuja ile hofu ambayo watu huishika bila kujua imetoka wapi. Wengi husema albamu hii ina giza. Mimi naona giza lake ni la mtu aliyeamka usiku katika nyumba ya ugenini na hapati ukuta wa kuushika.

Besi nayo ina kisa chake. Mazoezini amplifaya ya gitaa la Sumner ilikuwa na sauti kubwa kiasi kwamba Hook hakujisikia akipiga nyuzi za chini. Akapanda juu kwenye shingo ya gitaa ili angalau ajisikie, Curtis akaipenda sauti ile, basi akabaki huko huko. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tumezoea besi iwe sakafu na solo iwe ndege. Hapa besi ndiyo inayoimba, gitaa linakuja vipande vipande, na chini panabaki pembamba, bila ule mto laini ambao besi humwekea msikilizaji miguuni. Jambo lililoanza kama dawa ya udhia wa mazoezini likawa sahihi ya bendi. Hannett aliliona, akaliacha hewani bila kulifunika na chochote.

Alipohitaji sauti nyingine, hakutafuta vyombo. Mwanzo wa wimbo Insight unasikia lifti ya jengo la studio ikinguruma, na sauti ya Curtis katika wimbo huo ilipitishwa kwenye waya wa simu ili imfikie msikilizaji kama habari kutoka mbali. Katika She's Lost Control mchakacho unaofuatana na dramu umetoka kwenye kopo la kupulizia dawa ya kusafishia vichwa vya mashine ya kurekodia. Wimbo wa mwisho, I Remember Nothing, una vioo vinavyovunjika. Vitu hivi vyote vingeweza kuwa mchezo wa kitoto. Havikuwa, kwa sababu kila kimoja kimewekwa mahali ambapo bendi ya panki ingeweka kelele zaidi.

Bendi haikufurahi. Sumner na Hook waliona muziki wao mzito wa jukwaani umelainishwa, magitaa yamerudishwa nyuma, ule moto waliouona kwa Sex Pistols umezimwa na mtu aliyekaa nyuma ya kioo. Nawaelewa kabisa. Mara kadhaa nimekaa upande wa Hannett na kuona macho ya mwanamuziki yanavyobadilika anapousikia wimbo wake umevuliwa nguo. Lakini sikubaliani na wanaosema prodyuza aliipora albamu. Dilei huwezi kuiwekea kitu ambacho hakipo. Nafasi ile inashikika kwa sababu kila kilichobaki ndani yake kilikuwa kimeshajaribiwa jukwaani na vijana wenye hasira, kikawa kigumu vya kutosha kusimama peke yake. Ukiipa mbinu hiyo hiyo bendi isiyo na nyimbo, utapata mwangwi mtupu.

Na Curtis alikuwa ameshabadilika kabla ya kuingia Stockport. Panki ilimfundisha kuelekeza kidole nje, kwa serikali, kwa matajiri, kwa wazee. Katika albamu hii kidole kimegeuka. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya ajira Macclesfield, akiwasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi. Mwanadada mmoja mwenye kifafa alikuwa akija ofisini hapo, kisha akaacha kuja, na Curtis akaja kujua kwamba amefariki. Kutokana naye ukatoka She's Lost Control. Desemba 1978, wakirudi kutoka kupiga London, Curtis mwenyewe alianguka kifafa ndani ya gari, na Januari 1979 madaktari wakauthibitisha ugonjwa. Alikuwa na miaka 22. Kwetu bado wako wanaokinong'ona kifafa kama aibu ya ukoo. Fikiria basi kijana anayesimama mbele ya watu kila wiki kuimba habari za mtu aliyeugua ugonjwa ambao sasa ni wake. Halalamiki. Anasimulia kwa sauti nzito na tulivu, kama anayetoa ushahidi, na utulivu huo una uzito kuliko ukelele wowote aliowahi kuutoa enzi za Warsaw.

Curtis alijiua tarehe 18 Mei 1980, akiwa na miaka 23. Tangu hapo watu wengi huisikiliza Unknown Pleasures kinyumenyume, wakianzia kwenye kifo na kurudi nyuma kutafuta dalili. Nawaomba wasomaji wangu wasifanye hivyo, kwa heshima ya kazi na ya marehemu. Waliorekodi albamu hii walikuwa vijana wanne wa miaka 21 hadi 23, wenye mizaha mingi, waliofanya mazoezi kwenye ghala la zamani lenye baridi katikati ya Manchester na kugombana na prodyuza wao. Giza lililomo lilitengenezwa kwa mikono, kwa saa nyingi, na watu waliokuwa hai na waliotaka kazi iwe nzuri. Kulichukua kama utabiri ni kuwanyang'anya ufundi wao.

Hata jalada lilipita mkondo ule ule wa kuacha nafasi wazi. Katika ensaiklopidia moja ya elimu ya nyota bendi ilipata mchoro wa mapigo 80 yanayofuatana ya palsa CP 1919, nyota inayotoa mapigo ya redio, ambayo Jocelyn Bell aliigundua Cambridge mwaka 1967. Mchoro wa asili ulikuwa na mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe. Msanifu Peter Saville akaugeuza, mistari ikawa myeupe katikati ya weusi mpana, na mbele hakuandika jina la bendi wala la albamu. Nimewahi kuiona fulana yenye picha hiyo kwenye soko la mitumba la Karume, muuzaji akiiita fulana ya milima.

Albamu ya pili, Closer, ilirekodiwa Machi 1980 katika studio za Britannia Row, London, tena na Hannett, na ikatoka Julai mwaka huo bila Curtis kuishika mkononi. Humo vinanda vya umeme vimeongezeka na mwendo umepungua zaidi. Mimi huwasikilizisha vijana wimbo wake wa kwanza tu, Atrocity Exhibition. Dramu zinazunguka, gitaa linakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye saruji, na kijana mmoja aliwahi kuniuliza ni nani huyo anayepiga gitaa vibaya hivyo na mbona linamsisimua. Nikamwambia ni Hook. Katika wimbo huo yeye na Sumner walibadilishana vyombo, mwenye besi akashika gitaa na mwenye gitaa akashika besi. Miaka minne kabla yake walianza bila kujua kupiga kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Safari hii walichagua wenyewe, kila mmoja akashika chombo cha mwenzake, wakamwachia Hannett arekodi.