Chipu za Kompyuta na Dhamana ya Mtengenezaji: Nani Abebe Gharama ya Kasoro Iliyofichika?

Mwanafunzi wa fizikia katika shule ya sekondari hulijua jaribio la tufe na pete. Tufe la metali likiwa baridi hupita katika pete bila shida. Likipashwa moto hukwama. Likipoa hupita tena. Somo lake ni fupi: vitu vigumu hutanuka vipatapo joto na husinyaa vipoapo. Wengi huliacha somo hilo maabara pamoja na vifaa vyake. Hata hivyo, mnamo mwaka 2008 kanuni hiyohiyo iliigharimu kampuni moja kubwa ya Marekani mamilioni ya dola, ikawaacha watu wengi na kompyuta zisizoonyesha kitu, na ikazusha swali lililowashughulisha wahandisi na wanasheria kwa zaidi ya miaka miwili. Swali lenyewe ni hili: kasoro iliyojificha ndani ya kifaa ikijitokeza baada ya dhamana kwisha, ni nani apaswaye kuilipia?

TANGAZO LA JULAI 2008

Tarehe 2 Julai 2008 kampuni ya Nvidia ya California, mmojawapo wa watengenezaji wakuu wa chipu za picha duniani, ilitangaza kwamba itatenga kati ya dola milioni 150 na milioni 200 za Marekani. Fedha hizo zilikuwa za kugharimia matengenezo, marejesho na ubadilishaji wa baadhi ya chipu zake zilizokuwa zimefungwa katika kompyuta mpakato, yaani zile kompyuta za kufunua zinazobebeka mkononi. Siku moja baadaye bei ya hisa za kampuni hiyo ilishuka kwa karibu theluthi moja. Hesabu za robo mwaka zilipofungwa, kiasi kilichotengwa kilikuwa dola milioni 196.

Chipu ya picha ni kipande cha silikoni kinachofanya hesabu za kuchora kila nukta inayoonekana katika kioo cha kompyuta. Ikifa, kioo hubaki cheusi, au hujaa mistari na rangi zisizo na maana, ingawa sehemu nyingine zote za mashine ni nzima. Katika kompyuta mpakato nyingi chipu hiyo imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, hivyo haiwezi kuchomolewa na kuwekwa nyingine kama ifanywavyo balbu ya taa. Aghalabu hubidi bodi nzima ibadilishwe, na gharama yake huweza kukaribia thamani ya kompyuta yenyewe.

Katika tangazo lake kampuni ilitaja mambo matatu yaliyochangia ubovu huo: udhaifu wa mchanganyiko wa malighafi zilizotumiwa kuunganisha chipu na kifungashio chake, namna watengenezaji wa kompyuta walivyosanifu upoozaji wa mashine zao, na jinsi watumiaji walivyozitumia. Maneno hayo yafaa yaangaliwe kwa makini, maana ndani yake mna fizikia yote ya tatizo, na mna pia ugomvi wote uliofuata.

KILICHOTOKEA NDANI YA CHIPU

Chipu ya namna hii hulazwa kifudifudi juu ya kibao kidogo chenye njia za umeme. Kati ya chipu na kibao huwekwa vinundu vingi sana vya lehemu, kila kimoja kikiwa na kimo cha takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Umeme wote unaoingia na kutoka katika chipu hupita katika vinundu hivyo. Nafasi iliyobaki kati yake hujazwa gundi ambayo ikikauka huwa ngumu.

Silikoni hutanuka kwa takriban sehemu 3 katika milioni kwa kila ongezeko la nyuzi 1 ya Selsiasi. Kibao kilicho chini yake, kilichotengenezwa kwa plastiki na nyuzinyuzi za kioo, hutanuka kwa takriban sehemu 17 katika milioni. Tofauti ni sehemu 14 katika milioni. Ni tofauti ndogo, lakini athari yake hukokotolewa kwa urahisi.

Ichukuliwe kwamba kinundu kimoja kiko pembeni mwa chipu, milimita 7 kutoka katikati, na kwamba mashine imewashwa ikapanda kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 85, yaani ongezeko la nyuzi 60. Kibao kitaizidi chipu kwa kutanuka kiasi cha:

7 × 0.000014 × 60 = 0.00588

Jibu hilo ni karibu milimita 0.006, au mikromita 6. Kinundu chenyewe kina kimo cha mikromita 100 hivi. Kwa hiyo, kama kisingekuwa na msaada wowote, sehemu yake ya chini ingesukumwa kando kwa karibu asilimia 6 ya kimo chake kila mashine ipatapo joto, kisha irudishwe pale mashine ipoapo.

Msaada uliopo ni ile gundi. Kazi yake ni kuishika chipu na kibao pamoja ili mkazo ugawanyike, usibebwe na vinundu peke yake. Lakini gundi nayo ina tabia yake. Ikifika kiwango fulani cha joto huacha ugumu wa kioo na kuwa laini kama mpira. Kiwango hicho kikiwa chini ya joto ambalo chipu hufikia inapofanya kazi, gundi hulegea wakati uleule msaada wake unapohitajika. Kwa upande mwingine, gundi iliyo ngumu kupita kiasi yaweza kuzibandua tabaka nyembamba za chipu. Ndiyo sababu lehemu na gundi havina budi kuchaguliwa pamoja, kila kimoja kikimfaa mwenziwe.

Kinundu hakikatiki siku ya kwanza. Yeyote aliyewahi kukata waya bila koleo ajua kwamba hukunja na kukunjua, mara nyingi, mpaka waya unakatika wenyewe. Wataalamu hukiita kitendo hicho uchovu wa metali. Katika miaka ya 1950 wahandisi wawili wa Marekani, Coffin na Manson, kila mmoja kwa kazi yake, walionyesha uhusiano kati ya ukubwa wa kila mkunjo na idadi ya mikunjo ambayo metali huistahimili. Kwa makadirio ya jumla, mkunjo ukipunguzwa nusu, idadi ya mizunguko hadi kukatika huongezeka takriban mara nne. Hivyo mashine ambayo joto lake hupanda na kushuka kwa nyuzi 30 yatarajiwa kudumu kwa mizunguko mingi zaidi sana kuliko ile inayopanda na kushuka kwa nyuzi 60.

KALENDA NA MIZUNGUKO

Hapa ndipo fizikia inapokutana na sheria. Dhamana ya mtengenezaji huandikwa kwa kalenda: mwaka mmoja, miaka miwili, miaka mitatu. Lehemu haiijui kalenda, nayo huhesabu mizunguko ya joto na baridi.

Ichukuliwe mfano wa kompyuta mbili za aina moja, zenye vinundu vyenye udhaifu uleule, ambavyo hukatika baada ya mizunguko 2,000. Mwenye kompyuta ya kwanza huiwasha na kuizima mara 6 kwa siku, akihama nayo kutoka chumba hiki hadi kile. Chipu yake itakufa baada ya siku 333, mwaka wa dhamana ukiwa bado haujakwisha, naye atatengenezewa bure. Mwenye kompyuta ya pili ni mtu mtulivu, huiwasha mara 2 tu kwa siku. Chipu yake itakufa baada ya siku 1,000, yaani miaka miwili na miezi kadhaa, naye ataambiwa kwamba muda umepita. Kasoro ni moja, kiwanda ni kimoja, na aliyekitunza kifaa chake ndiye anayelipa. Matokeo ya namna hiyo ni vigumu kuyaita haki.

WALIVYOGAWANA MZIGO

Watengenezaji wa kompyuta walichukua hatua zilizotofautiana. Kwa aina walizozitaja, HP waliufikisha muda wa dhamana miezi 24 tangu dhamana ya awali ilipoanza, nao Dell wakaongeza miezi 12. Mnamo Oktoba 2008 kampuni ya Apple ilieleza kwamba ilikuwa imehakikishiwa na Nvidia kuwa kompyuta zake hazikuguswa na tatizo hilo, lakini uchunguzi wake yenyewe ukaonyesha kuwa baadhi ya zile zilizoundwa kati ya Mei 2007 na Septemba 2008 hivi huenda ziliguswa. Iliahidi kuzitengeneza bila malipo ndani ya miaka miwili tangu kununuliwa, na baadaye ikaurefusha muda huo.

Dell na HP walitoa pia marekebisho ya programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, ili feni izunguke mapema na kwa muda mrefu zaidi. Kwa mujibu wa kanuni iliyoelezwa hapo juu, hatua hiyo ina maana: joto likipungua, mkunjo hupungua, na uhai wa kinundu hurefuka. Hata hivyo, ufa uliokwisha kuanza hauponywi na feni. Wakosoaji walidai kwamba faida yake kubwa ilikuwa kuisogeza siku ya kifo cha chipu hadi ng'ambo ya dhamana.

Wanunuzi wa Marekani walifungua kesi ya uwakilishi dhidi ya Nvidia katika mahakama ya shirikisho huko California. Mapatano yaliidhinishwa Desemba 2010. Kwa mujibu wake, wenye kompyuta za Dell na Apple zilizohusika wangetengenezewa, na wenye zile za HP wangepewa kompyuta nyingine. Baadhi ya wadai walilalamika kwamba kompyuta waliyopewa ilikuwa duni kuliko waliyokuwa nayo. Mwisho wa kupeleka madai ulikuwa tarehe 14 Machi 2011.

KOMPYUTA HUSAFIRI, DHAMANA HUBAKI

Mapatano hayo yaliwahusu walionunua mashine zao nchini Marekani. Lakini kompyuta haikai mahali ilipozaliwa. Kompyuta nyingi zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani huvuka bahari na kuuzwa tena Afrika Mashariki, au hutolewa kama msaada kwa shule. Pamoja na mashine huja mizunguko yote iliyokwisha kuipitia, ambayo haiandikwi popote. Dhamana haiji nayo.

Mnunuzi wa huku hakosi sheria kabisa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, na ile ya Kenya, Sura ya 31, zote zina asili katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Msingi wake ni kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo yapasa kuwa na ubora ufaao kuuzwa. Lakini madai ya namna hiyo humwelekea muuzaji wa dukani, ambaye hakuichagua lehemu wala gundi, na ambaye huenda hajui zaidi ya ajuavyo mnunuzi wake.

Mara nyingi, basi, mashine hupelekwa kwa fundi, naye huipasha chipu kwa hewa ya moto. Pengine kioo huwaka tena, na mwenye mali hufurahi. Mwalimu anaweza kuwaeleza wanafunzi wake kwa nini furaha hiyo huwa fupi. Lehemu yenye risasi asilimia 95, iliyotumika sana katika vinundu vya chipu za miaka hiyo, huyeyuka juu ya nyuzi 300. Joto la nyuzi 200 haliiyeyushi. Huzitanua tu sehemu zilizoachana mpaka zigusane kwa muda. Ufa ungali pale pale, na baada ya majuma au miezi kadhaa ya kuwashwa na kuzimwa kioo hurudia weusi wake.

MWENYE KUJUA NDIYE MWENYE KUWAJIBIKA

Ni kweli kwamba mtengenezaji hawezi kudhamini kifaa milele. Kila kitu huchakaa, na mtumiaji anayeziba matundu ya hewa kwa kuiweka kompyuta juu ya godoro hawezi kukilaumu kiwanda kwa joto alilolisababisha. Kuchakaa, hata hivyo, si sawa na kasoro. Kuchakaa hukijia kila kifaa kwa wakati wake, ilhali kasoro huingizwa siku ya kuundwa, na siku ya kuonekana kwake huamuliwa na bahati ya mizunguko.

Katika mlolongo wote wa chipu hizo, mnunuzi alikuwa mtu pekee asiyeweza kujua. Viwanda vya chipu vina majoko ya majaribio ambamo vifaa hupashwa na kupozwa mamia ya mara kabla ya kuuzwa, kwa kusudi hilohilo la kuhesabu mizunguko. Mtengenezaji wa kompyuta naye hupima joto la mashine yake. Mnunuzi ana karatasi ya dhamana tu, na tarehe iliyoandikwa juu yake. Kwa hiyo, kasoro ya malighafi ikithibitika, ni haki muda wa dhamana uhesabiwe upya tangu siku kasoro hiyo ilipotangazwa hadharani, na uifuate mashine popote ilipo, badala ya kumfuata mnunuzi wa kwanza na risiti yake.

Mpaka hapo itakapokuwa hivyo, shule inayopokea kompyuta zilizotumika yaweza kufanya mambo machache kwa faida yake: kuuliza aina ya chipu na mwaka wa kuundwa kabla ya kupokea, kusafisha vumbi katika feni, kuziweka mashine juu ya meza ngumu penye hewa, na kupunguza kuwasha na kuzima kusiko na sababu. Na mwalimu atakapolitoa tena tufe na pete kabatini, ana mfano mpya wa kuwapa wanafunzi wake: kinundu chenye kimo cha sehemu ya kumi ya milimita, kilichosukumwa kando kwa mikromita chache, mara elfu kadhaa, mpaka kikakatika.