Gari la Matofali ya Plastiki: Kwa Nini Hushindwa Kupanda Mlima?

Ni nani kati yetu asiyependa gari la rimoti? Lakini gari la dukani likiharibika hutupwa, kwa sababu mwenye nalo hajui ndani mna nini. Liko gari jingine ambalo mtoto huliunda mwenyewe kwa vipande vya plastiki, akalitia mota na kuliendesha. Katika makala hii tutaeleza gari hilo linavyofanya kazi.

Vipande hivyo asili yake ni Denmark. Mwaka 1932 seremala wa Billund, Ole Kirk Christiansen, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Kampuni yake ikaitwa LEGO, kutokana na maneno ya Kidenishi yenye maana ya "cheza vizuri". Tofali la plastiki linaloshikana na jingine bila gundi, kama tulijuavyo leo, lilisajiliwa mwaka 1958. Mwaka 1977 ikatoka aina iliyokuja kuitwa Technic, yenye gia na ekseli.

Gari la rimoti lina sehemu kuu nne: sanduku la betri, mota, kipokezi na rimoti. Katika mfumo uliotoka mwaka 2007, sanduku hubeba betri 6 za volti 1.5, jumla volti 9. Rimoti yake hutumia mwanga usioonekana, kama ile ya televisheni, ndiyo maana husumbua kwenye jua kali. Mwaka 2019 yalitoka magari ya Technic yanayoendeshwa kwa simu kupitia Bluetooth.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Wengi wanaoanza huunganisha mota moja kwa moja na magurudumu. Sakafuni gari hukimbia, lakini likikutana na mwinuko husimama, na mota huanza kupata moto. Mtoto hudhani mota ni mbovu, akaomba nyingine kubwa zaidi. Kumbe kosa si la mota.

Tazama gia. Tukitia gia ya meno 8 kwenye mota, na ya meno 40 kwenye ekseli ya magurudumu, mota itazunguka mara 5 ili gurudumu lizunguke mara 1. Mwendo umepungua mara 5, lakini nguvu ya kuzungusha imeongezeka karibu mara 5. Kiasi kidogo hupotea kwa msuguano. Gari lile lile, kwa mota ile ile, sasa linapanda. Ukitaka mbio, toa nguvu. Ukitaka nguvu, toa mbio. Vyote viwili kwa pamoja havipatikani bure. Dereva wa lori hufanya hivyo hivyo anapoingiza gia namba moja mlimani.

Tusisahau difu. Gari likikata kona, gurudumu la nje huenda safari ndefu kuliko la ndani. Difu huyaruhusu yazunguke kwa mwendo tofauti. Bila difu, gurudumu moja huburuzwa.

Vipande hivi si rahisi kwa bei, lakini vikibomolewa huundwa tena kitu kingine. Basi wazazi wetu, mtoto akikuleteeni gari lisilopanda, msikimbilie dukani. Mwambieni kwanza ahesabu meno ya gia.