Kasri Changa Lililovaa Uzee

Je, wajua kwamba kasri la Neuschwanstein huko Bavaria, Ujerumani, lile linalochapwa kwenye kalenda za Ulaya kana kwamba liliachwa na mashujaa wa panga na ngao, ni changa kuliko reli? Jiwe lake la msingi liliwekwa tarehe 5 Septemba 1869. Kufikia hapo garimoshi la kwanza la Ujerumani lilikuwa limekwisha kukimbia karibu miaka 34 kati ya Nürnberg na Fürth, humo humo Bavaria.

Kulifikia wakati wa baridi kunataka miguu. Kijiji cha Hohenschwangau kiko chini, kasri liko juu ya jabali, na theluji ikikaza barabarani basi la kupandisha wageni husimama. Hubaki gari la kukokotwa na farasi, au mwendo wa dakika 30 hadi 40 katikati ya misonobari iliyoinamishwa na uzito mweupe. Kisha miti inaachana, na minara inatokea. Wengi husimama hapo hapo bila kusema neno, na wana haki.

Mandhari inayopigwa picha zaidi iko upande wa pili wa bonde, kwenye Marienbrücke, daraja la chuma lililo mita 90 hivi juu ya korongo la mto Pöllat. Barafu ikishika, daraja hufungwa.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo jengo hili huyachanganya makusudi: ngome na kasri. Ngome hujengwa kwa hofu ya adui, kasri kwa raha ya mwenyewe. Neuschwanstein lina lango, minara na kuta za ngome, lakini hakuna adui aliyetazamiwa. Mfalme Ludwig II, aliyeshika ufalme wa Bavaria mwaka 1864 akiwa na miaka 18, alitaka kuishi ndani ya hadithi za kale alizozipenda kupitia opera za Richard Wagner. Ndiyo maana michoro ya kwanza ya kasri ilitoka kwa Christian Jank, mchoraji wa mandhari za jukwaani. Wasanifu majengo walikuja nyuma yake, kazi yao ikiwa kuigeuza picha ya jukwaa kuwa nyumba isiyoanguka.

Kazi haikuwa ndogo. Magofu ya ngome mbili za zamani yalilipuliwa, na kilele cha jabali kikachongwa kupata uwanda. Kuta zile zinazoonekana kama mawe matupu ni matofali yaliyovikwa mawe meupe ya chokaa. Katika miaka miwili tu, 1879 na 1880, ujenzi ulimeza matofali 400,000, tani 1,550 za mawe ya mchanga na tani 465 za marumaru kutoka upande wa Salzburg. Winchi ya mvuke ndiyo iliyopandisha shehena hiyo.

Ndani, mambo yanazidi kushangaza. Hewa iliyopashwa moto ilipita kwenye mifereji na kutia joto vyumbani. Maji ya chemchemi, iliyo mlimani juu ya kasri, yalishuka kwa nguvu zake yenyewe na kufika kila ghorofa, na vyoo vilijisafisha kwa maji. Mfalme aliwaita watumishi kwa kengele za umeme. Palikuwa na simu, wakati nyumba nyingi za Ulaya bado hazijaisikia, na lifti ndogo ya kupandisha chakula kutoka jikoni. Hata kuba la Ukumbi wa Kiti cha Enzi, lenye sura ya kanisa la Bizanti, linashikiliwa na chuma kilichofichwa chini ya plasta.

Ukumbi huo una taa yenye umbo la taji, uzito wake kilo 900 hivi, yenye nafasi za mishumaa 96. Kiti cha enzi chenyewe hakimo. Mfalme alikufa kabla hakijatengenezwa.

Ludwig alizoea kulala mchana na kukesha usiku. Kwenye theluji alisafiri gizani kwa sleji, gari lisilo na magurudumu linaloteleza, na moja kati ya sleji zake lilikuwa na taa ya umeme iliyotumia betri. Mkulima aliyechungulia dirishani usiku wa manane angeona dhahabu na mwanga vikipita. Leo sleji hilo limehifadhiwa katika jumba la Nymphenburg, jijini München.

Fedha ndizo zilizomwangusha. Alijenga kwa mapato yake na mikopo, na madeni yakapanda kuliko minara. Juni 1886 madaktari, wakiongozwa na Bernhard von Gudden, waliandika kwamba mfalme ana wazimu, bila hata kumpima. Akachukuliwa kutoka Neuschwanstein, na tarehe 13 Juni yeye na Gudden walikutwa wamekufa katika ziwa Starnberg. Namna walivyokufa inabishaniwa hadi sasa. Alikuwa amelala katika kasri lake siku 172 tu. Kati ya vyumba zaidi ya 200 vilivyopangwa, 15 hivi ndivyo vilivyokamilika.

Tarehe 1 Agosti mwaka huo huo, wiki saba tu baada ya msiba, milango ilifunguliwa kwa watu kulipa na kuingia. Nyumba ya mtu aliyekimbia macho ya watu sasa hupokea wageni zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Walt Disney aliiga sura yake kwa kasri la Disneyland, lililofunguliwa Marekani mwaka 1955, na Julai 2025 UNESCO ikaliingiza Neuschwanstein katika Urithi wa Dunia pamoja na makasri mengine ya Ludwig.

Ziara huishia jikoni, na mgeni anayetoka kwenye baridi asiharakishe hapo. Wapenzi wa nyama choma watakiona chuma kirefu cha kuchomea ambacho hakikuhitaji mkono wa mtu: joto la moto lenyewe ndilo lililokizungusha, na moto ulipozidi, nacho kikaongeza mwendo ili nyama isiungue.