Mahali pa Kuketi Uwanjani Wakati wa Mvua

Wapenzi wa kandanda wa Kasese na Bwera wana desturi moja: wafikapo kiwanjani, kwanza hutafuta kivuli. Si ajabu. Mji wa Kasese umelala bondeni, chini ya milima ya Rwenzori, na jua la saa nane hapo halina huruma. Lakini mechi nyingi huanza saa kumi, na katika miezi ya Machi hadi Mei, na tena Agosti hadi Novemba, saa hiyo ndiyo ambayo mawingu yaliyokuwa yakijikusanya vileleni tangu adhuhuri huanza kushuka. Hapo ndipo aliyechagua kiti kwa ajili ya jua hutambua kwamba mahali penye kivuli na mahali pakavu si mahali pamoja.

Katika Uingereza kandanda huchezwa katikati ya majira ya baridi, na mtazamaji wa huko hujihami na manyunyu yanayoweza kudumu dakika zote 90. Mvua yetu sisi tunaoishi penye Ikweta, ambayo hupita pale Kikorongo, ni ya namna nyingine. Huja kwa kishindo pamoja na upepo, humwagika nusu saa au saa moja, kisha jua hutoka kana kwamba hapakuwa na jambo. Kwa hiyo swali la kwanza la mtazamaji wa kwetu halihusu paa, bali upepo.

Yafaa kuujua upepo huo. Kabla ya tone la kwanza kuanguka, aghalabu huvuma ghafla upepo wa baridi. Hiyo ni hewa iliyopozwa na mvua ndani ya wingu, ikashuka kwa nguvu na kutambaa juu ya ardhi, ikitangulia mbele ya mvua yenyewe. Maana yake ni kwamba upepo huo hutoka huko huko iliko mvua. Tazama bendera ya uwanjani, au moshi wa mchoma mahindi, au vilele vya mikaratusi, kisha uketi mahali ambapo utaupa upepo mgongo, na nyuma yako pawe na ukuta. Mgongo bila ukuta haukukingi kitu.

Paa nalo lina hesabu yake. Tone kubwa la mvua huanguka kwa mwendo wa mita 8 hivi kwa sekunde. Upepo ukivuma kwa mwendo huo huo, ambao ni kama kilomita 29 kwa saa, mvua haishuki wima tena. Hulala nusu kwa nusu, na kila mita moja inayoshuka husogea mita moja mbele. Basi, kama ukingo wa paa uko mita 6 juu ya safu ya viti, na upepo unavuma kuelekea jukwaani, mvua itaingia mita 6 chini ya paa hilo. Matone madogo, ambayo huanguka polepole zaidi, husukumwa mbali kuliko hapo. Ndiyo sababu safu za mbele za jukwaa lililoezekwa huweza kulowa kama zile zisizo na paa, tena zenye paa huongezewa maji yanayochuruzika kutoka ukingoni. Aliye na hiari apande juu, karibu na ukuta wa nyuma, mbali na ngazi, maana ngazi za jukwaa hugeuka kijito. Ainue macho pia: penye alama za kutu juu ya mabati ndipo panapovuja.

Viwanja vingi vikubwa vimelazwa kutoka kaskazini kwenda kusini, na jukwaa kuu la wageni wa heshima huwekwa magharibi ili jua la jioni liwe nyuma yao. Paa hilo, kwa hiyo, lilikusudiwa jua. Siku ambayo mvua inatoka mashariki, jukwaa kuu huikabili uso kwa uso, na waheshimiwa hulowa viatu huku mwananchi aliyeketi upande wa pili, mgongo ukiwa ukutani, akipata nafuu kidogo. Wanaosafiri kutoka kwetu kwenda Kampala kutazama timu ya taifa katika uwanja wa Mandela, Namboole, uliofunguliwa mwaka 1997 na kufanyiwa ukarabati na wahandisi wa jeshi letu la UPDF kabla ya mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, wakumbuke hayo wanunuapo tiketi. Watakaohudhuria michuano ya Afrika ya mwaka 2027, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja, wakumbuke vilevile.

Nyumbani, hata hivyo, mara nyingi hakuna jukwaa la kuchagua. Katika kiwanja kama cha Nyakasanga, au viwanja vya shule vya upande wa Bwera, watu huketi nyasini au juu ya viti walivyobeba. Hapo shika upande ulioinuka, na tangu mwanzo tambua ni jengo gani la matofali lililo karibu. Jambo jingine la kwetu ni mito. Nyamwamba, uliofanya maangamizi Mei 2013 na tena Mei 2020, unaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mlimani hata kama kiwanjani hapajadondoka tone. Na wa Bwera wanaijua tabia ya Lhubiriha. Anayepaswa kuvuka mto kurudi nyumbani asisubiri dakika za nyongeza.

Mama aendaye na mtoto mgongoni ana shida ambayo wanaume hawaifikirii. Akiupa upepo mgongo, mtoto ndiye anayelowa kwanza. Ama ampakate mbele, ama apate kiti chenye ukuta nyuma yake. Katika mkoba atie sweta kavu iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, kipande cha turubai, na kitambaa cha kufutia. Mwamvuli aghalabu hukatazwa langoni, na hata ukiruhusiwa humziba aliye nyuma, ukaleta ugomvi. Koti la mvua ni bora.

Lakini kulowa peke yake hakuui mtu. Kinachoua ni mbio. Tarehe 12 Machi 1988, katika uwanja wa Dasharath mjini Kathmandu, Nepal, dhoruba ya mvua ya mawe iliwakuta watazamaji wapatao 30,000. Jukwaa lenye paa lilikuwa moja tu, la magharibi. Watu walilikimbilia, polisi wakawarudisha. Wakageukia njia za kutokea za upande wa kusini, na huko milango ilikuwa imefungwa. Waliokufa kwa kubanana wanatajwa kuwa 93. Askari wa zamu, ambaye husimama akiupa mchezo mgongo ili awatazame watu, na kwa hiyo huliona wingu kabla yao, ana kazi mbele yake mara upepo wa baridi uvumapo: kuhakikisha kwamba kila lango limefunguliwa, na kwamba mwenye ufunguo yuko langoni, wala hakwenda kunywa chai. Mtazamaji naye achague kiti chake angali na nafasi ya kuchagua, aijue njia ya kutokea iliyo karibu naye, na mvua ikianza akae palepale. Nguo hukauka.

Radi tu ndiyo inayolivunja shauri hilo. Agosti 2020, karibu na mji wa Arua, watoto 10 waliokuwa wakicheza mpira waliuawa na radi ndani ya kibanda walimokuwa wamejikinga mvua. Walikuwa mahali pakavu. Kibanda cha nyasi, mti mkubwa na jukwaa lililo wazi pande zote huzuia maji, wala havizuii radi. Ngurumo ikisikika, radi i karibu kiasi cha kutosha kumpata mtu, na hapo ni kuondoka kwa mwendo wa kawaida, watoto wakishikwa mikono, kuingia katika jengo imara lililofungwa au ndani ya basi au gari lenye bodi ya chuma, madirisha yakiwa yamepandishwa. Pikipiki haifai.

Baada ya ngurumo ya mwisho zihesabiwe dakika 30 kabla ya mtu kurudi kitini. Kiti cha plastiki kilichofinyangwa mfano wa bakuli kitakuwa kimejaa maji, na kitambaa kile cha mkobani ndipo kitakapopata kazi yake.