Soko la Desemba lilitangulia Krismasi

Anayepeleka vitenge na nguo za watoto soko la Mitundu, kusini mwa Lilongwe, anajua kwamba mzigo ukifika baada ya 25 Desemba utalala mpaka Pasaka. Kambini Dzaleka, wilayani Dowa, swali hurudi kila mwaka: sikukuu hii ni ya Kanisa au ya wapagani? Wapo wasioisherehekea kabisa, Mashahidi wa Yehova wakiwemo, na mwenye duka hulazimika kuwahesabu kabla ya kukopa mali.

Injili hazitaji tarehe ya kuzaliwa Yesu. Kumbukumbu ya kwanza ya sherehe ya 25 Desemba inatoka Roma, mwaka 336. Lakini Warumi walikuwa tayari na Saturnalia, iliyoanza 17 Desemba: mahakama zilifungwa, mabwana wakawaandalia watumwa chakula, watu wakapeana mishumaa na vinyago vidogo vya udongo. Vinyago hivyo vilikuwa na soko lake, Sigillaria. Yaani wachuuzi walikuwa wakihangaika na Desemba hata kabla ya Krismasi. Mwaka 274 Kaisari Aurelian alijenga hekalu la Jua Lisiloshindwa, na sikukuu ya jua hilo ikaja kuandikwa tarehe ile ile 25. Je, Kanisa liliichukua, au lilifika hapo kwa hesabu zake lenyewe? Wanahistoria bado wanabishana, na anayesema kesi imefungwa anauza mali asiyokuwa nayo.

Kwa Warundi wa Dzaleka mfano uko nyumbani. Enzi za wafalme, Desemba ilikuwa na Umuganuro, sikukuu ya mtama: mwami alibariki mbegu na ngoma zikalia. Wamisionari na wakoloni wa Kibelgiji waliizima. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), ngoma ziliingia kanisani, na Noheli leo inapigiwa ngoma.

Krismasi angalau haihami. Pasaka, iliyorithi jina na mwezi wake kutoka sikukuu ya Wayahudi ya Pesaki, huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Tofauti hiyo ni fedha. Mwaka 2025 ilikuwa 20 Aprili, mavuno yameanza na mkulima ana kitu mfukoni. Mwaka 2024 ilikuwa 31 Machi, wengi wakiwa bado wanasubiri shamba. Mwaka 2027 itakuwa 28 Machi. Anayeagiza mzigo kutoka Dar es Salaam au Lusaka aanze kupiga hesabu sasa.