Sensa Iliyosema Kweli

Muungano wa Sovieti, uliovunjika mwaka 1991, ulizisaidia kwa dhati harakati za ukombozi wa Afrika. Fadhila hiyo hatuisahau. Lakini shukrani haimzuii mtu kusema kweli, na kweli moja ya nchi hiyo yafaa izingatiwe na kila mwenye dhamana ya kuongoza watu.

Amri ya mwaka 1918 ilitenganisha Kanisa na dola. Hilo peke yake lisingekuwa dhuluma. Dhuluma ni kwamba amri hiyo hiyo iliyanyang'anya makanisa haki ya kumiliki mali. Sheria ya Aprili 1929 ikazidi: waumini walitakiwa kujiandikisha ndipo wasali pamoja, nao walikatazwa kuwasaidia maskini kwa jina la dini yao. Maaskofu na mapadri walifungwa katika kambi ya visiwa vya Solovki. Desemba 1931 Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi, mjini Moscow, lilibomolewa kwa baruti. Misikiti nayo haikusalimika.

Januari 1937 makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba, wakiuliza pamoja na mengine: una dini au huna? Kila mmoja aliijua hatari ya jibu lake. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya watu wenye umri wa miaka 16 na kuendelea walijibu kwamba wanaamini. Na kwa kuwa jumla ya watu pia ilipungua kuliko walivyotarajia wakubwa, matokeo yalifichwa, na wakuu wa sensa wakakamatwa. Baadhi yao waliuawa. Katika sensa ya 1939 swali la dini liliondolewa.

Je, imani ilikwisha? La hasha. Ilihamia majumbani, ambako akina bibi waliwapeleka wajukuu kubatizwa kwa siri. Mwaka 1943, vita vilipopamba moto, Stalin mwenyewe aliwaita maaskofu watatu na kuruhusu Patriaki achaguliwe. Khrushchev alipoyafunga tena maelfu ya makanisa, hakufanikiwa zaidi. Sheria ya 1990 ilirudisha uhuru wa kuabudu, na kanisa lililobomolewa lilijengwa upya, likawekwa wakfu mwaka 2000.

Ndugu viongozi, anayeficha jibu la wananchi hajawabadili wananchi. Amejinyima habari zao. Tuulize kwa nia njema, na tuwe tayari kusikia.